Kadi ya Mtandao ya Seva: Tazama Chipu, Si Boksi

Anayetafuta kadi ya mtandao kwa ajili ya seva ya tovuti huvutwa kwanza na namba kubwa iliyochapwa kwenye boksi: gigabiti 1, gigabiti 2.5, gigabiti 10. Namba hiyo ina nafasi yake, lakini nafasi hiyo ni ya mwisho. Kwenye seva ya Linux, kinachotangulia ni chipu iliyomo kwenye kadi pamoja na draiva inayoiendesha.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme ukurasa mmoja wa tovuti yako una uzito wa megabaiti 2. Kadi ya gigabiti 1, ukiondoa nafasi inayochukuliwa na vichwa vya pakiti, hupitisha megabaiti zipatazo 118 kwa sekunde. Hizo ni kurasa 59 kila sekunde, au zaidi ya milioni 5 kwa siku nzima. Sasa iweke seva hiyo ofisini Dodoma au Kisumu, kwenye laini ya faiba ya megabiti 50. Laini itatoa kurasa 3 tu kwa sekunde, na kadi ya gigabiti 10 haitaongeza hata mmoja. Kasi kubwa ina maana pale seva inapozungumza na mashine jirani: hifadhidata, hifadhi ya mafaili, nakala rudufu za usiku. Terabaiti moja ya nakala huchukua zaidi ya saa mbili kwenye gigabiti 1. Ukiwa na diski za SSD, kadi ya gigabiti 10 itakushushia muda huo hadi nusu saa hivi. Huko pesa yako itakuwa imefanya kazi.

Turudi kwenye draiva, maana hapa ndipo watu wengi huumia. Miaka ya 1990, Donald Becker, aliyefanya kazi NASA, aliandika draiva nyingi za kadi za Ethernet na kuziingiza ndani ya kerneli ya Linux. Draiva hizo ziliwezesha kundi la kompyuta la Beowulf, alilolijenga pamoja na Thomas Sterling mwaka 1994 kwa vifaa vya kawaida vya dukani. Utaratibu huo wa kuweka draiva ndani ya kerneli ndio unaotulinda hadi leo. Draiva iliyomo ndani husasishwa na kukaguliwa pamoja na kerneli yenyewe. Draiva inayopakuliwa pembeni inabidi iundwe upya kila kerneli inapobadilika. Seva ikijisasisha usiku, ikajiwasha upya, na draiva hiyo ikakataa kuundika, mashine itaamka bila mtandao. Nawe utakuwa mbali nayo, na njia pekee uliyokuwa nayo ya kuifikia ni mtandao huohuo.

Kwa hiyo chagua chipu ambayo kerneli inaifahamu tangu zamani. Kwa gigabiti 1, Intel I210 na I350 huendeshwa na draiva iitwayo igb, na kwa seva ya kawaida sioni sababu ya kutafuta zaidi ya hapo. Broadcom nyingi za gigabiti 1 zinazokuja na seva kuukuu hutumia tg3, nayo ni imara. Kwa gigabiti 10 kuna Intel X520 na X550 zenye draiva ya ixgbe, au kadi za ConnectX za Mellanox, kampuni iliyonunuliwa na NVIDIA mwaka 2020. Upya wa chipu usikushawishi. Matoleo ya mwanzo ya Intel I225, ya gigabiti 2.5, yalitoka na kasoro ya maunzi iliyofanya pakiti zipotee kwenye baadhi ya swichi, na dawa yake ikawa kutengeneza chipu upya.

Vipi Realtek, ambayo ndiyo imejaa madukani na kwenye bodi mama za kompyuta za kawaida? RTL8111 inafanya kazi kwa draiva ya r8169 iliyomo ndani ya kerneli, na kwa tovuti ndogo inatosha kabisa. Upungufu wake huonekana mzigo unapozidi. Kadi ya gigabiti 1 inaweza kupokea pakiti kubwa zipatazo 81,000 kwa sekunde, na zikiwa ndogo kabisa hukaribia milioni 1.5. Zote zikipita kwenye foleni moja, prosesa yenye viini vinane inaweza kujikuta imeachia kiini kimoja kazi yote ya kuzipokea. Ni sawa na benki yenye madirisha manane huku wateja wote wamepangwa mbele ya dirisha moja. I210 ina foleni nne, na I350 ina nane kwa kila mlango, hivyo viini hugawana kazi.

Kuna mambo madogo ya kukagua pia. Baadhi ya chipu, kama zile za Broadcom zinazotumia draiva ya bnx2, huhitaji faili la ziada linalopakiwa ndani ya kadi wakati wa kuwaka. Debian haikuwa ikiliweka kwenye diski yake rasmi ya usakinishaji hadi toleo la 12 la mwaka 2023. X520 huweza kukataa moduli ya faiba isiyo na chapa ya Intel. Kadi yenye milango miwili, kila mmoja ukienda kwenye swichi yake, itakuokoa siku swichi moja itakapokufa. Na kama seva yako ni ya kukodi, iliyo ndani ya mashine pepe ya KVM, chagua virtio badala ya kadi ya kuigiza aina ya e1000, prosesa itapumua.

Kadi bandia zipo, na I350 ni miongoni mwa zinazoigwa sana. Bei iliyo chini mno ya bei ya kawaida ikutie shaka.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aichomeke kadi kwenye kompyuta yenye Linux, kisha uandike lspci -nnk. Utaona utambulisho wa chipu: 8086 ni Intel, 10ec ni Realtek, 14e4 ni Broadcom, 15b3 ni Mellanox. Chini yake utaona jina la draiva ambayo kerneli imeichagua. Mstari huo wa draiva usipoonekana, usiinunue kadi hiyo.