Turudie Sindano kwa Foronya

Majumbani mwetu mna cherehani zilizofunikwa miaka, na watoto hukua wasimwone mzazi akitunga uzi. Twamnasihi mwenye kutaka kuurudia ushonaji asianze na kanzu, maana shingo na kwapa zitamvunja moyo. Na aanze na foronya. Kitambaa cha pamba kifuliwe kwanza, kwani hurudi kikipata maji. Kikatwe kuzidi mto kwa sentimita 2 kila upande, na zaidi penye mdomo wa kupindwa. Kipigwe bandi, kishonwe kwa ndani, kisha kigeuzwe. Mishono yote imenyooka. Wala vijana wa kiume wasione haya: Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akijishonea nguo zake. Foronya ikitimia, kanzu itafuata.