Si kila muwasho ni upele: niliyojifunza Dallas



Mwezi wa Mei nilikwenda Dallas kumtazama binti yangu aliyejifungua. Jioni moja tulikwenda ziwa la White Rock. Yeye akakaa kwenye kiti na kichanga chake, mimi nikajinyoosha majanini. Kesho yake nikaamka ninawashwa vibaya, vipele vimezunguka vifundo vya miguu na kiuno, pale pabanwapo na mshipi.

Nikasema moyoni: huu upele. Katika shule ya misheni niliyosoma, mtoto mwenye upele alitengwa na wenziwe, na aibu ile haijanitoka. Sikumwambia mtu. Nikajisugua spiriti mpaka ngozi ikachubuka, na siku nane nikakataa kumpakata mjukuu wangu. Mwishowe binti akaniambia, "Baba, umenificha nini?" Akanipeleka kwa daktari.

Daktari aliniuliza maswali matatu, nami niliyekuwa karani miaka mingi nikayaandika.

La kwanza: wapi? Mbu huuma palipo wazi. Kunguni pia huuma ngozi iliyo wazi usingizini, mara nyingi alama zikifuatana kwa mstari. Upele hupenda katikati ya vidole, vifundo vya mikono, kwapani na sehemu za siri. Vyangu vilikuwa pabanwapo na soksi na mshipi. Hapo ndipo wanapoishia utitiri wa majanini, wadogo hata jicho huwaoni kwa urahisi.

La pili: lini? Muwasho wa utitiri huanza baada ya saa chache, huzidi siku ya kwanza na ya pili, kisha hupungua. Upele, kwa anayeupata mara ya kwanza, huchukua wiki kadhaa kabla ya kuwasha, na huzidi usiku.

La tatu: nani mwingine? Upele huenea nyumbani. Alama ya kuumwa na mdudu haiambukizi. Binti aliyekaa kitini hakuwa na kipele hata kimoja.

Kumbe nilijitenga bure. Kinachowasha ni mwili wenyewe ukiyapinga mate ya mdudu, ndiyo maana wawili wakiumwa pamoja mmoja huvimba na mwenziwe hana habari. Utitiri hauchimbi ndani ya ngozi. Unapowashwa, mara nyingi umeshaondoka. Kupaka rangi ya kucha "kumziba pumzi", kama jirani alivyonishauri, hakuna faida.

Texas wapo pia chungu wa moto, waliotoka Amerika ya Kusini na kuingia Marekani kupitia bandari ya Mobile, Alabama, katika miaka ya 1930. Hao huchoma papo hapo, na baada ya siku moja kila alama huota kichwa cheupe. Usikitumbue, ukikitumbua unafungua mlango wa vijidudu.

Tiba ni nyepesi. Osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha baridi, paka kalamaini au krimu ya haidrokotizoni ya asilimia 1, kata kucha. Muwasho ukizidi, muulize mfamasia kidonge cha aleji kisicholetesha usingizi sana, kama setirizini. Sisi wazee tujihadhari na vile vya zamani vyenye difenhidramini: vinachanganya akili na kuangusha watu usiku.

Jambo moja zaidi. Vitabu husema "ngozi huwa nyekundu". Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tazama uvimbe, joto na weusi uliozidi. Maumivu yakiongezeka, usaha ukitoka au weusi ukitambaa, huenda vijidudu vimeingia: nenda hospitali. Midomo au uso ukivimba, pumzi ikibana au kizunguzungu kikija, usingoje: Marekani piga 911, Oman 9999. Na homa na kichwa kikali baada ya mbu si vya kupuuza; mwaka 2012 ugonjwa wa West Nile uliua watu Dallas, hata ndege zikapita usiku kunyunyiza dawa.

Siku zilizobaki nilimpakata mjukuu wangu mpaka binti akalalamika namdekeza. Zile nane hazirudi. Ukiwashwa, uliza wapi, lini na nani, na usione haya kusema mapema.