Rangi, Kabila na Ubaguzi

Leo twataka kunena juu ya maneno matatu ambayo kila mtu huyatumia na wachache huyapima: rangi, kabila na ubaguzi. Wenyeji wa Uyole watatuwia radhi tukiichukua njia panda yao kuwa mfano. Hapo barabara itokayo Iringa hugawanyika: moja huendelea hata mjini Mbeya, na nyingine hushuka Tukuyu na Kyela mpaka Malawi. Nchi ile ni ya Wasafwa tangu zamani, walakini sokoni utasikia Kinyakyusa, Kikinga, Kibena na Kihehe, nao wote hupatana bei kwa Kiswahili.

Ukimwuliza mtu hapo, "Wewe kabila gani?" atakujibu mara moja, kana kwamba jina hilo liliumbwa pamoja na milima. Kumbe majina haya yana historia, tena si ndefu kama tudhanivyo. Watu tuwaitao Wahehe walikuwa chini ya watemi wadogo wadogo wengi hata katikati ya karne ya 19. Munyigumba ndiye aliyewaunganisha kwa vita na kwa ndoa, na mwanawe Mkwawa akaikamilisha kazi hiyo. Wadachi waliposhindwa Lugalo mwezi wa Agosti 1891 walikuwa wakipigana na dola ambayo baba zao wasingaliikuta. Kadhalika Wanyakyusa: Wadachi waliwaita Wakonde, nao wenyewe hawakuwa na mfalme mmoja, bali wakuu wengi. Ndugu zao wa ng'ambo ya mto Songwe, walioachwa upande wa Malawi mpaka ulipochorwa, huitwa Wangonde hata leo, na lugha yao ni karibu ile ile.

Kisha Waingereza wakaja na daftari zao. Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, aliamini kwamba kila Mwafrika ana kabila lake na kila kabila lina mkubwa wake. Sheria ya mwaka 1926 ikawapa wakubwa hao mamlaka ya utawala wa wenyeji. Mahali pasipokuwa na mkubwa mmoja, alitafutwa. Hivyo kabila likaingia katika kodi na katika mabaraza, na watu wakajizoeza kujitaja kwa jina moja kwa kuwa lilikuwa na faida. Hatusemi kwamba kabila ni uongo. Lugha, mahari na matambiko ni vitu vya kweli. Mipaka yake tu ndiyo iliyowekwa na watu.

Mambo ya rangi yalikuwa makali zaidi. Rangi ya ngozi hufuata ukali wa jua la nchi walimoishi mababu, wala haipimi akili. Mtaalamu Richard Lewontin alionyesha mwaka 1972 kwamba kama sehemu 85 katika 100 za tofauti za asili za wanadamu zimo baina ya watu wa jamii ile ile moja. Walakini serikali ya kikoloni ilijenga juu ya ngozi. Mbeya ina Uzunguni na Uhindini, majina yaliyodumu kuliko sababu yake. Shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika zilikuwa mbalimbali. Baraza la Kutunga Sheria lilianza mwaka 1926, na Mwafrika hakuketi humo hata mwaka 1945. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 mpiga kura alilazimishwa kuchagua Mzungu mmoja, Mwasia mmoja na Mwafrika mmoja.

Hapo ndipo twapata maana ya ubaguzi. Chuki hukaa moyoni. Ubaguzi ni tendo la kumnyima mtu haki, au kumpendelea mwenziwe, kwa sababu ya kundi lake. Karani asiyemchukia mtu yeyote aliweza kubagua kutwa nzima kwa kufuata kanuni tu. Ibara ya 13 ya Katiba ya mwaka 1977 yakataza jambo hilo, nayo yataja kabila na rangi, na hata mahali mtu alikotoka. Sensa nayo, baada ya ile ya mwaka 1967, iliacha kuuliza kabila.

Wengine huuliza, je, utani nao ni ubaguzi? Mhehe hutaniwa habari za nyama ya mbwa, naye hucheka na kurudisha. Siku ya msiba mtani yule yule huja kuhudumu. Utani una haki pande zote mbili. Lakini mwenye nyumba akimwuliza mpangaji kabila kabla ya kumwuliza kazi, na kwa kusikia jina fulani akasema chumba kimekwisha kupata mtu, hali ufunguo umo mfukoni mwake, hapo hapana utani. Wala mpangaji yule hana barua ya kuonyesha barazani. Ameambiwa tu kwamba chumba kimejaa.