Ji Yetu na Maneno Yao: Kuamuru na Kusimulia kwa Kitaliani

Wako wenzetu waendao Roma kusoma, na wako wafanyao kazi pamoja na mapadre au mafundi wa Kitaliani. Wote hukwazwa mapema na tendo linalomrudia mtendaji mwenyewe. Yafaa tulitazame.

Kwetu kazi hii hufanywa na ji, nayo haibadiliki: najiosha, unajiosha, tunajiosha. Kitaliani hubadili kijineno kwa kila nafsi: mi lavo, najiosha, ti lavi, unajiosha, si lava, anajiosha, ci laviamo, tunajiosha, vi lavate, mnajiosha, si lavano, wanajiosha.

Ukiamuru, kijineno huhama mbele kikashikamana nyuma: lavati, jioshe, lavatevi, jiosheni, laviamoci, na tujioshe. Lakini mtu wa kuheshimiwa huambiwi umwamuru hivyo. Kwake husemwa si lavi, na kijineno hubaki mbele. Ukimkataza rafiki, sema non lavarti au non ti lavare. Yote mawili ni sahihi.

Sasa wakati uliopita. Nimeosha sahani ni ho lavato i piatti. Msaidizi wake ni avere, kuwa na. Lakini ukijiosha mwenyewe, msaidizi ni essere, kuwa. Tena mwisho wa neno humfuata mtendaji: mvulana husema mi sono lavato, msichana mi sono lavata. Wavulana, au wavulana na wasichana pamoja, husema ci siamo lavati. Wasichana peke yao, ci siamo lavate. Sisi tusemao mtu mzuri na kiti kizuri tusishangae: ni upatanisho ule ule, ila umekaa mwishoni.

Hatari kubwa imo katika sauti. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na ulimi wetu hutaka kufanya hivyo kila mahali. Ukisema laVAti hukuamuru; umetamka neno la si sono lavati, wamejiosha. Amri ni LAvati, ingawa huandikwa sawasawa. Kanuni yake ni nyepesi: mkazo hubaki pale ulipokuwa kabla kijineno hakijaungwa. LAva huwa LAvati, laVAte huwa laVAtevi, laviAmo huwa laviAmoci.

Jaribuni kwa alzarsi, kuinuka, ambalo kwetu halina hata ji. Mwalimu akiingia darasani: alZAtevi! Wanafunzi wakiisha kusimama: si sono alZAti. Na yule mmoja aliyebaki kitini? ALzati!