Chumba Kinachoonya: Usanifu wa Ndani na Kupanda kwa Kina cha Bahari

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa maji usiyoyafika hujui wingi wake. Methali hii, ambayo kwa kawaida humwonya mtu anayelidharau jambo asilolipitia, inaeleza kwa ufupi ugumu unaowakabili wote wanaotaka kuuzindua umma kuhusu kupanda kwa kina cha bahari. Maji yenyewe huja polepole, na wengi wanaosimuliwa habari zake hawajayafika. Makala hii inaeleza jinsi usanifu wa ndani, yaani sanaa ya kupanga kuta, sakafu, samani na mwanga ndani ya jengo, ulivyotumiwa kumfikisha mtu kwenye maji hayo kabla hayajamfikia. Aidha, inaonyesha kuwa mbinu hiyo si ngeni kwa Waswahili, kwani ushairi wao umewahi kukifanya chumba kuwa chombo cha kuonya.

Takwimu Zisizogusa

Kwa mujibu wa ripoti ya mwaka 2021 ya jopo la wanasayansi la Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi (IPCC), wastani wa kina cha bahari duniani uliongezeka kwa takribani sentimita 20 kati ya mwaka 1901 na 2018. Sababu kuu ni mbili. Kwanza, maji ya bahari hutanuka yanapopata joto. Pili, barafu ya milimani na ile ya Greenland na Antaktika huyeyuka na kuingia baharini. Kati ya mwaka 2006 na 2018 kasi ya ongezeko ilifikia milimita 3.7 kwa mwaka. Kufikia mwaka 2100, ongezeko linakadiriwa kuwa kati ya sentimita 28 na 55 juu ya wastani wa miaka ya 1995 hadi 2014 iwapo gesi zinazoongeza joto zitapunguzwa kwa haraka sana. Iwapo zitaendelea kutolewa kwa wingi mno, ongezeko litakuwa kati ya sentimita 63 na 101.

Takwimu hizi ni nzito, lakini hazimgusi msikilizaji. Milimita 3.7 ni kipimo kidogo kuliko upana wa ukucha, na mwaka 2100 uko mbali na maisha ya wengi. Isitoshe, wastani huficha hatari. Sentimita zinazoongezeka haziji peke yake, bali hukaa chini ya maji kujaa, chini ya bamvua na chini ya mawimbi ya dhoruba, na kuyainua yote. Hapa ndipo msanifu anapopata kazi. Nambari isiyo na umbo huweza kupewa umbo ikapimwa kwa vitu ambavyo mwili unavijua: kidato cha ngazi, kimo cha kiti, goti la mtu aliyesimama.

Vyumba Vitatu

Mfano wa kwanza ni filamu fupi iitwayo Flooded McDonald's, iliyotolewa mwaka 2009 na kikundi cha wasanii wa Denmark kiitwacho SUPERFLEX. Wasanii hao waliunda nakala ya ndani ya mkahawa huo kwa ukubwa wake halisi, pamoja na meza, viti na chakula, kisha wakaijaza maji taratibu. Hakuna mteja wala mhudumu anayeonekana. Viti vinainuka, sinia na vikombe vinaelea, taa zinazimika, na hatimaye kila kitu kinazama. Nguvu ya kazi hii imo katika uchaguzi wa mahali. Chumba kilichozamishwa ni kile ambacho watu wa mataifa mengi wamewahi kuketi ndani yake, na ambacho kinawakilisha ulaji wa pupa unaohusishwa na ongezeko la joto. Kwa lugha ya uhakiki, mandhari yenyewe ndiyo mhusika mkuu.

Mfano wa pili ulikuwa banda la Tuvalu katika maonyesho ya sanaa ya Biennale ya mwaka 2015 mjini Venice, Italia. Tuvalu ni nchi ya visiwa tisa katika Bahari ya Pasifiki. Ina watu wapatao 11,000, na hakuna mahali ndani yake panapoinuka zaidi ya mita 5 hivi juu ya bahari. Msanii Vincent J.F. Huang aliigeuza sakafu ya banda kuwa bwawa la maji, juu yake pakapita njia nyembamba za kutembelea. Njia hizo zilikuwa karibu sana na maji hivi kwamba mgeni aliyezikanyaga alijihisi anazama pamoja nazo. Mgeni huyo, ambaye pengine hakuwahi kuisikia Tuvalu, alisomeshwa na nyayo zake. Hakupewa hotuba wala chati, bali alinyimwa kwa muda mfupi kitu ambacho kila mtu hudhani ni haki yake, yaani sakafu kavu.

Mfano wa tatu uko katika mji huohuo, nao ni wa zamani zaidi. Mapema katika miaka ya 1960, msanifu Carlo Scarpa alikarabati ghorofa ya chini ya jumba la Querini Stampalia. Venice imezoea maji ya bahari kuingia mjini bamvua likiungana na upepo wa kusini. Wasanifu wengi wangejitahidi kuyazuia mlangoni. Scarpa aliyafungulia. Maji huingia kupitia malango ya upande wa mfereji, hupanda vidato vya mawe, kisha huzunguka njia ya saruji iliyoinuliwa na kuzungushiwa kingo. Kazi hii haikubuniwa kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi, kwani wakati huo suala hilo halikuwa gumzo la umma. Hata hivyo, leo vidato vile ni kama rula. Anayepita humo huona kwa macho yake maji yamefika kidato cha ngapi, na iwapo yamekaribia kingo.

Chumba Kitupu katika Ushairi wa Kiswahili

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anayevitazama vyumba hivi hana budi kuukumbuka utendi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Mshairi huyo alikusudia kuiasa nafsi isihadaiwe na dunia. Badala ya kutegemea mawaidha matupu, aliiongoza nafsi hiyo ndani ya majumba ya Pate yaliyobaki magofu. Anaonyesha zidaka, yaani vishubaka vya ukutani vilivyopangwa vyombo vya kauri, sasa vimekuwa viota vya ndege. Hakuna maiti anayeonyeshwa ndani ya chumba. Kuna nafasi iliyokuwa na kitu na sasa haina.

Mbinu hii ndiyo ile ya mkahawa uliozamishwa. Katika kazi zote mbili, watu wameondolewa ili vitu viseme. Tofauti ni kwamba mshairi anayatazama maangamizi yaliyokwisha kutokea, ilhali filamu inayatazama yanayoweza kutokea. Yote mawili yanamlenga aliye hai na ambaye bado ana nafasi ya kutenda.

Ulinganisho huu si mchezo wa kitaaluma tu. Nyumba ya mawe ya Lamu, mji uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2001 kuwa sehemu ya urithi wa dunia, imejengwa kwa vitu vya bahari yenyewe: matumbawe ya kutani, chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe, na boriti za mikoko ya darini. Msanifu wa pwani anayetaka kuonya hahitaji kuagiza lugha kutoka ng'ambo. Katika maktaba, shule au jumba la makumbusho, anaweza kuchora juu ya lipu mstari wa bamvua la leo na mwingine wa bamvua linalokadiriwa. Anaweza pia kuziacha tupu zidaka zote zilizo chini ya mstari wa pili. Hadhira iliyolelewa na Al-Inkishafi itakielewa kimya cha zidaka hizo bila kutafsiriwa.

Mipaka ya Onyo

Ifahamike, hata hivyo, kwamba chumba hakizuii maji. Tarehe 12 Novemba 2019, maji ya Venice yalipanda hadi takribani sentimita 187 juu ya kipimo rasmi cha mji, kiwango kilichopitwa tu na kile cha sentimita 194 cha Novemba 1966. Mji wenye vyumba vya kuonya kuliko mingi ulifurika vilevile. Kilichoanza kuyazuia maji hayo ni malango ya chuma ya mradi wa MOSE, yaliyoinuliwa kwa mara ya kwanza kukabili maji kujaa tarehe 3 Oktoba 2020.

Kuna pia hatari ya onyo kugeuka pambo. Mtu huweza kuingia katika chumba cha maji, akapigwa picha na kutoka akiwa amefurahi. Tena kuna suala la nani anayeonywa. Mvuvi wa Tuvalu au wa Lamu, ambaye mchango wake katika kuichafua hewa ni mdogo sana, ndiye anayeyajua maji hayo kuliko mwingine yeyote. Busara ya banda la mwaka 2015 ilikuwa kuipeleka sakafu ya Tuvalu mbele ya wageni wa mataifa tajiri, badala ya kuwafundisha Watuvalu habari za bahari yao.

Hitimisho

Makala hii imeonyesha kuwa usanifu wa ndani huipa takwimu mwili, na kwamba chumba ni matini inayosomwa kwa miguu na macho. Imebainisha pia kuwa utamaduni wa Waswahili una hazina ya ishara zinazofaa kwa kazi hiyo, zidaka tupu zikiwa mojawapo. Wahakiki wa fasihi na wanafunzi wa usanifu wa majengo wana sababu ya kuketi pamoja, kwani wa kwanza wanaijua maana ya nyumba na wa pili wanajua kuijenga. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walinena wahenga. Lakini ufa hauzibwi na asiyeuona, na kazi ya chumba kinachoonya ni kumfanya mwenye nyumba auone mapema.