Kakao ya Mbingu kwenye Meza ya Chai: Je, Chokoleti ni Dawa ya Moyo?

Katika Mtaa wa Valencia, jijini San Francisco nchini Marekani, kuna duka la chokoleti la kampuni ya Dandelion lililofunguliwa mwaka 2012. Duka hilo lilipangwa ili mnunuzi anayekunywa kikombe cha kakao moto aweze kuona pia jinsi chokoleti inavyotengenezwa. Mwaka 2019 kampuni hiyo ilifungua kiwanda kikubwa zaidi katika mji huohuo, chenye ukumbi ambamo wageni huketi mezani na kuhudumiwa vinywaji na vitafunwa vya chokoleti, kama ilivyo desturi ya kumbi za chai za watu wenye nafasi. Katika maduka ya namna hii mteja huonjeshwa vipande vidogo vya chokoleti kutoka nchi mbalimbali, akaviacha viyeyuke ulimini na kulinganisha ladha zake, kabla hajachagua cha kununua.

Miongoni mwa chokoleti ambazo kampuni hiyo imeuza kwa miaka mingi ni moja yenye maandishi haya kwenye karatasi yake: Kokoa Kamili, Tanzania, asilimia 70. Ndani yake mna vitu viwili tu, kakao na sukari ya miwa. Msomaji wa Ifakara hahitaji ramani ili kujua kakao hiyo ilikotoka. Imetoka Mbingu, kusini-magharibi mwa Ifakara, chini ya milima ya Udzungwa, mahali ambapo treni ya TAZARA hupita ikielekea Mlimba.

Siku sita zinazozaa ladha

Kokoa Kamili ilianzishwa mwaka 2013 na Simran Bindra na Brian LoBue. Kabla ya hapo mkulima wa bonde hili alizoea kuvundika na kukausha kakao yake mwenyewe nyumbani, kila mmoja kwa namna yake, na mnunuzi alipokea mzigo wenye ubora usiolingana. Kampuni hiyo ilianza kununua kakao mbichi ikiwa bado na ute wake mweupe, kisha kazi ya kuvundika na kukausha ikafanywa mahali pamoja.

Ladha ya chokoleti huanzia hapo. Punje mbichi ya kakao ni chungu na kakasi. Zinapolundikwa ndani ya masanduku ya mbao kwa muda wa siku 5 hadi 7, hamira za asili hula sukari iliyomo katika ute na kutoa kileo. Bakteria nao hukigeuza kileo hicho kuwa siki, joto hupanda, na punje hufa. Ndani ya punje iliyokufa hufanyika mabadiliko ya kikemia ambayo baadaye, kikaangoni, huzaa harufu tunayoiita harufu ya chokoleti. Baada ya kuvundikwa, punje huanikwa juu ya vichanja na kugeuzwa mara kwa mara hadi zikauke. Uzembe wa siku moja huleta ukungu, na hakuna ustadi wa kiwandani unaoweza kuondoa ladha ya ukungu.

Kinachopatikana na kinachopotea

Hapa ndipo jambo la ukumbi wa chai linapogeuka kuwa jambo la kliniki. Wagonjwa wengi wa shinikizo la juu la damu wamewahi kupokea kwenye simu ujumbe unaosema kwamba chokoleti nyeusi hushusha presha na kulinda moyo. Wapo wanaoamua kupunguza vidonge, au kuviacha kabisa, kwa kuamini kwamba wamepata tiba iliyo tamu zaidi. Ujumbe huo una chembe ya ukweli, na kwa sababu hiyo unastahili kujibiwa kwa makini badala ya kuchekwa.

Kakao ina kemikali za mimea ziitwazo flavanoli, ambazo husaidia mishipa ya damu kutanuka. Mwaka 2017 wachambuzi wa mtandao wa Cochrane walikusanya matokeo ya majaribio 35 yaliyohusisha watu zaidi ya 1,800, wengi wao wakiwa na afya njema. Wale waliopewa bidhaa za kakao zenye flavanoli nyingi walishuka shinikizo la damu kwa wastani wa milimita 1.8 za zebaki. Hilo ni punguzo la kweli, lakini ni dogo. Mgonjwa ambaye kipimo chake kinasoma 170 kwa 100 hawezi kuvushwa hatarini na punguzo la kiasi hicho.

Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uitwao COSMOS, uliofuatilia watu wazima 21,442 kwa wastani wa miaka 3.6. Nusu yao walimeza kila siku vidonge vya kakao vyenye miligramu 500 za flavanoli. Jumla ya matukio ya magonjwa ya moyo na mishipa ilipungua kwa asilimia 10, kiasi ambacho kitakwimu hakikuweza kutofautishwa na bahati. Vifo vitokanavyo na magonjwa hayo vilipungua kwa asilimia 27, lakini hilo halikuwa swali kuu la utafiti, na watafiti wenyewe walitaka lithibitishwe. Msomaji mwangalifu atazingatia mambo mawili zaidi: washiriki walimeza vidonge, hawakula chokoleti, na sehemu ya gharama ilitolewa na kampuni ya chokoleti.

Tena flavanoli ni kemikali dhaifu. Kuvundika huzipunguza, kukaanga huzipunguza zaidi, na unga wa kakao uliotiwa magadi ya kiwandani ili uwe mweusi na mlaini hupoteza sehemu kubwa ya zilizobaki. Kwa hiyo weusi wa chokoleti hauonyeshi wingi wa flavanoli, na chokoleti nyeupe, inayotengenezwa kwa mafuta ya kakao peke yake, haina za kutajika. Siku sita za Mbingu zinazoipa chokoleti utamu wake ndizo hizohizo zinazoanza kuipunguzia kile kinachosifiwa kuwa ni dawa.

Hesabu ya sukari

Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwamba ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima wa kawaida, asilimia 5 ni kama gramu 25. Gramu 50 za chokoleti yenye kakao asilimia 70 zina sukari gramu 15 hivi, yaani karibu vijiko vinne vya chai. Chokoleti ya maziwa ya bei nafuu, ambayo mara nyingi nusu yake ni sukari, hufikisha gramu 25 kwa uzito huohuo. Mlaji akishushia na chai ya vijiko vitatu, amekwisha kuvuka.

Mgonjwa wa kisukari hajakatazwa kuonja. Kipande kimoja au viwili vidogo, vikihesabiwa ndani ya mpango wake wa chakula, havina ubaya. Lakini ajue jambo moja linaloweza kuokoa uhai: sukari ikishuka ghafla mwilini, akatoka jasho, akatetemeka na kuanza kuchanganyikiwa, chokoleti isiwe chaguo la kwanza. Mafuta yake huchelewesha sukari kuingia katika damu. Kama ana fahamu na anaweza kumeza, apewe vijiko vitatu au vinne vya sukari vilivyokorogwa katika maji, au soda yenye sukari. Akiwa amepoteza fahamu asinyweshwe chochote. Apelekwe hospitali mara moja.

Chai, kakao na wekundu wa damu

Katika ukumbi wa chai, chokoleti na chai huletwa pamoja, kwa kawaida alasiri, mbali na mlo mkuu. Saa hiyo ina maana kubwa kuliko wenye kumbi wanavyodhani. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba chai nyeusi ikinywewa pamoja na mlo wa mkate hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma kwa asilimia 79 hadi 94 ikilinganishwa na maji, na kwamba kakao huupunguza kwa asilimia 71. Kutia maziwa katika chai hakukuleta nafuu ya maana.

Katika bonde la Kilombero, ambako malaria, minyoo na mimba za karibu karibu humaliza damu ya wanawake na watoto, jambo hili si dogo. Mama mjamzito anayekula wali kwa maharage na matembele, kisha akashushia na chai ya rangi, hupoteza sehemu kubwa ya chuma alichokusudia kukipata. Akiisogeza chai hiyo mbele kwa saa moja au zaidi, na mahali pake akala chungwa, embe au pera, ufyonzwaji huongezeka. Vidonge vya kuongeza damu navyo vimezwe kwa maji, visimezwe kwa chai wala kakao.

Kwa mhudumu wa afya

Mgonjwa anapouliza kuhusu chokoleti, anastahili majibu mafupi yaliyo wazi:

1. Chokoleti ni chakula cha starehe. Haichukui nafasi ya dawa ya presha wala ya kisukari, na dawa haipunguzwi kwa sababu yake.
2. Anayeipenda ale kipande kidogo chenye kakao nyingi na sukari chache, tena asile kila saa.
3. Chai na kakao vinywewe kati ya mlo na mlo, hasa kwa wajawazito, watoto na wenye upungufu wa damu.
4. Usimcheke mgonjwa aliyeamini ujumbe wa simu. Muulize kwanza kama bado anameza dawa zake, kisha mpime.

Mteja wa ukumbi wa San Francisco hulipa fedha nyingi kwa kipande kidogo, hukila polepole, na hukila baada ya mlo kutulia tumboni. Kwa kufanya hivyo anafuata, pengine bila kujua, ushauri ambao daktari wa lishe angempa. Mkulima wa Mbingu, ambaye mikono yake ndiyo iliyozivunja kakao hizo, anaweza kuufuata ushauri huohuo bila kulipa chochote, kwa kikombe chake cha chai ya alasiri chini ya mwembe, saa moja au mbili baada ya kula.