Kupima Uchumi Usioandikwa: Dhana za Msingi za Uchumi Jumla kwa Mifano ya Bukavu

1.0 Utangulizi

Katika vyuo vikuu vya Bukavu somo la uchumi hufundishwa kwa Kifaransa, ilhali katika soko la Kadutu watu huuza na kununua kwa Kiswahili. Kwa hiyo mwanafunzi aweza kuikariri fasili ya pato la taifa asiihusishe kabisa na gunia la muhogo linalopita mbele ya macho yake. Makala hii inakusudia kueleza dhana tatu za msingi za uchumi jumla, yaani pato, bei, na wastani wa pato la mtu, kwa mifano ya mji huu na mkoa wake. Hoja yetu ni kwamba takwimu yoyote ya uchumi yafaa iulizwe kwanza: nini kimehesabiwa, kwa fedha gani, na kimegawanywa kwa watu wangapi? Asiyeuliza hivyo hudhani kwamba kisichoandikwa hakipo.

2.0 Pato

Uchumi jumla huchunguza uchumi wa nchi nzima badala ya duka moja au kaya moja. Kipimo chake kikuu ni pato la ndani ya nchi, yaani thamani ya bidhaa na huduma zote za mwisho zilizozalishwa ndani ya mipaka ya nchi katika muda maalumu, aghalabu mwaka mmoja. Pato la taifa ni dhana jirani: hilo hufuata mapato ya wakazi wa nchi popote yanapotoka. Faida ambayo kampuni ya kigeni inaipata katika migodi ya Katanga na kuipeleka kwao imo katika pato la ndani, lakini haimo katika pato la taifa.

Maneno "za mwisho" katika fasili hiyo yana uzito wake. Tuchukue mfano wa kubuni. Mkulima wa Walungu auza muhogo kwa faranga 10,000. Mnunuzi ausaga na kuuza unga Kadutu kwa faranga 14,000. Mwenye mgahawa aupika bugali na kupata faranga 20,000. Anayejumlisha mauzo yote matatu atapata faranga 44,000, nalo ni kosa, kwa kuwa muhogo ule ule umehesabiwa mara tatu. Hesabu sahihi huchukua thamani iliyoongezwa katika kila hatua: 10,000, kisha 4,000, kisha 6,000. Jumla ni 20,000, sawa na bei ya bugali mezani.

Msomaji wa Kiswahili atambue pia kwamba neno "pato" latokana na kitenzi "pata", nacho chaelekeza fikra kwa mpokeaji. Huo ni upande mmoja tu. Pato lile lile laweza kupimwa kwa kilichozalishwa, kwa mapato yaliyogawiwa, au kwa matumizi yaliyofanywa. Kinadharia njia hizo tatu hutoa jibu moja. Kiutendaji hazilingani, kwa sababu kila moja hukosa kitu chake.

3.0 Kinachopita pembeni mwa hesabu

Mfano ulio wazi zaidi ni dhahabu ya Kivu ya Kusini. Mwaka 2022 mauzo rasmi ya nje ya dhahabu ya wachimbaji wadogo hayakufika hata kilo 100. Januari 2023 kampuni ya Primera Gold ilianza kazi mjini Bukavu, ikiwa ubia wa serikali ya Kongo na wawekezaji wa Falme za Kiarabu. Katika mwaka huo mauzo rasmi yalipita tani 5. Je, wachimbaji wa Kivu waliongeza bidii mara hamsini na zaidi katika miezi 12? La hasha. Dhahabu ilikuwapo, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuwa wameeleza kwa miaka mingi jinsi ilivyovushwa kwa magendo hadi nchi jirani na kisha Dubai. Kilichobadilika hasa ni njia iliyopitia. Mtu aliyesoma takwimu pekee angetangaza muujiza.

Mfano wa pili wahusu shule. Huduma za serikali haziuzwi sokoni, hivyo hupimwa kwa gharama zake, na sehemu kubwa ya gharama hizo ni mishahara. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ya Zaire iliposhindwa kuwalipa walimu ipasavyo, wazazi walianza kuchanga fedha ili masomo yaendelee. Utaratibu huo ulidumu hadi elimu ya msingi ya umma ilipotangazwa kuwa ya bure mwaka 2019. Kwa kipimo cha mishahara ya serikali, elimu ilionekana karibu kutoweka. Hata hivyo watoto walijifunza kusoma, na waliolipia ni mama wauza mboga.

Wanatakwimu hawalali juu ya tatizo hili. Uchunguzi wa kaya uliofanywa nchini Kongo mwaka 2004 na 2005, kisha mwaka 2012, ulipangwa katika hatua tatu: ajira, shughuli zisizo rasmi, na matumizi ya kaya. Mtafiti Janet MacGaffey naye, katika kitabu alichokihariri mwaka 1991, aliuita uchumi huu usioandikwa uchumi halisi wa Zaire. Jina hilo lapindua mazoea: kile kinachoitwa cha pembeni ndicho kinachowalisha wengi.

4.0 Bei na fedha

Pato hupimwa kwa fedha, na fedha yenyewe hubadilika urefu kama kamba iliyolowa maji. Ndiyo maana hutofautishwa pato kwa bei za mwaka husika na pato halisi, ambalo limeondolewa athari ya mfumuko wa bei.

Historia ya sarafu yetu yatosha kuwa somo. Zaire ilipoanzishwa mwaka 1967, moja ilikuwa na thamani ya dola 2 za Marekani. Oktoba 1993 zaire milioni 3 zilibadilishwa kwa zaire mpya 1. Juni 1998 zaire mpya 100,000 zilibadilishwa kwa faranga 1 ya Kongo. Zidisha: faranga hiyo moja ilikuwa sawa na zaire za awali bilioni 300. Mwaka 2024 dola moja ilibadilishwa kwa zaidi ya faranga 2,500. Mgawanyiko wa zaire, yaani likuta, umetoweka mifukoni; lakini wingi wake, "makuta", umebaki vinywani mwa watu kwa maana ya fedha yoyote.

Mfumuko wa bei hupimwa kwa kufuatilia bei za kapu la bidhaa zinazotumiwa na kaya ya kawaida. Mjini Bukavu kazi hiyo ina mtego wake. Maharagwe na unga hupimwa kwa kopo la maziwa ya Guigoz, na muuzaji aweza kuacha bei ilivyo huku akipunguza kilima kinachozidi mdomo wa kopo. Mkusanyaji wa takwimu asiyebeba mizani ataandika kwamba bei haikupanda. Isitoshe, kodi ya nyumba hutajwa kwa dola na mshahara wa mwalimu hulipwa kwa faranga. Faranga inapoanguka, mwalimu na mwenye nyumba hawaishi katika mfumuko mmoja wa bei.

5.0 Wastani wa pato la mtu

Wastani hupatikana kwa kugawanya pato kwa idadi ya watu. Sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika mwaka 1984, ikahesabu watu takriban milioni 30. Makadirio ya leo hufika milioni 100 na zaidi. Basi kigawanyo nacho ni kadirio. Tena wastani haueleze mgawanyo: mwenye ghorofa Ibanda na mchukuzi wa mizigo Kadutu, wakijumlishwa na kugawanywa kwa mbili, watatoa mtu wa tatu asiyeishi popote.

6.0 Hitimisho

Februari 2025 mji wa Bukavu ulipotwaliwa na M23, benki zilifunga milango. Biashara ilidhoofika na wengi walikosa fedha taslimu, lakini watu hawakuacha kununua na kuuza. Siku hiyo umbali kati ya uchumi na hesabu zake uliongezeka tena.

Tusihitimishe kwamba takwimu hazina faida. Bajeti ya shule, mkopo wa nchi na msaada wa chakula hupangwa kwazo, na mkoa usiohesabiwa vizuri hugawiwa vibaya. Wajibu wa msomi ni kuzisoma akijua zilivyopatikana, na wajibu wa mwalimu wa Kiswahili ni kumpa maneno ya kuziulizia. Yule mama wa Kadutu anajua kopo lake limepungua kiasi gani. Yafaa wataalamu wamwulize, kwa lugha anayoielewa.